Nyuma ya kicheko cha 'Super Sema' pana swali zito kwa mzazi na mwalimu

WAZAZI wengi, si jijini Nakuru pekee bali hata Gilgil, Njoro, Molo na Naivasha, huzichukulia filamu za vibonzo kuwa yaya asiyedai mshahara. Mtoto akishaketi mbele ya runinga au simu, mama hupata nafasi ya kuinjika githeri na baba naye hupata utulivu wa kusoma gazeti. Yasemwayo ndani ya vibonzo hivyo hayamshughulishi mtu, maadamu mtoto ametulia na anacheka.

Mtazamo huo una kasoro. Hadithi haipungukiwi na uzito kwa sababu inachekesha. Ngano za Sungura na Fisi tulizosimuliwa na nyanya zetu zilituvunja mbavu, ilhali ndani yake mlikuwa na mafunzo kuhusu ulafi, ujanja na haki ya mnyonge. Anayetaka kujua mtoto wake anafunzwa nini leo hana budi kuketi kando yake na kuvitazama vibonzo kwa jicho lile lile ambalo mwalimu wa fasihi huisomea tamthilia.

Mfano mwafaka uko karibu nasi. Mnamo Machi 8, 2021, Siku ya Kimataifa ya Wanawake, mfululizo wa vibonzo uitwao Super Sema ulizinduliwa kwenye mtandao wa YouTube. Uliandaliwa na kampuni ya Kukua, iliyoasisiwa na Mwitaliano Lucrezia Bisignani, naye Lupita Nyong'o, mwigizaji Mkenya aliyetunukiwa Oscar mwaka wa 2014, akawa mmoja wa watayarishaji wakuu.

Kisa chenyewe ni chepesi. Sema ni msichana mdogo anayeishi katika kijiji cha Dunia, kijiji cha Kiafrika cha siku za usoni. Akishirikiana na nduguye MB, anawakinga wanakijiji dhidi ya Tobor, mtawala asiye na moyo aliyeundwa kwa akili unde. Vituko ni vingi, na mtoto wa miaka sita huvifuata bila taabu. Hata hivyo, mtu mzima akivichungua ataona kwamba chini ya kicheko kuna swali ambalo wakazi wa Bonde la Ufa wamekuwa wakilijibu kwa njia mbalimbali, wakati mwingine kwa moto.

Majina ya kimajazi

Mwanafunzi yeyote wa shule ya upili anajua kwamba pa kuanzia ni kwenye majina. Mwandishi anapompa mhusika jina linaloafiki tabia yake, mbinu hiyo huitwa majazi. Katika Super Sema majina mawili makuu ni ya Kiswahili sanifu, na yanabeba ujumbe.

Sema ni kitenzi, tena kitenzi cha kuamrisha. Kila anapoitwa kwa jina, msichana huyu ni kama anayehimizwa kufungua kinywa. Katika jamii ambamo mtoto, hasa wa kike, aghalabu huambiwa anyamaze wakubwa wanapozungumza, kumpa shujaa jina hilo si jambo dogo. Dunia nayo ni jina la kijiji, lakini kwa msikilizaji wa Kiswahili ni ulimwengu mzima. Kinachotendeka katika kijiji hicho kimoja kinatuhusu sote.

Jina la adui ndilo lenye fumbo kubwa zaidi. Lisome Tobor kinyumenyume, nawe utapata neno la Kiingereza la roboti. Neno hilo lilienea ulimwenguni kutokana na tamthilia ya Karel Čapek, mwandishi kutoka nchi iliyokuwa ikiitwa Chekoslovakia. Tamthilia hiyo iliigizwa jijini Prague mwaka wa 1921, miaka mia moja kabla ya Sema kujitokeza. Katika lugha ya Kicheki, asili ya neno hilo ni kazi ya kulazimishwa, yaani shokoa. Roboti basi ni mtumishi wa shokoa. Tobor, ambaye ni roboti aliyepinduliwa, ni mtumishi aliyegeuka bwana. Chombo tulichokiunda kitufanyie kazi sasa kinatuamrisha.

Tunamcheka nani?

Hatua ya pili ni kujiuliza kicheko kinaelekezwa wapi. Ucheshi mwepesi humcheka mnyonge: kiwete, mshamba, mtu wa kabila jingine. Ucheshi wenye busara humcheka mwenye nguvu.

Katika Super Sema wanaochekwa ni Tobor na jeshi lake la roboti. Nguvu wanazo, lakini huvuruga kila wanachotumwa kukitenda. Mpenzi wa fasihi simulizi atamtambua hapo Fisi wa ngano zetu, aliye na meno ya kuvunja mifupa lakini hana akili ya kutambua mtego. Sema naye amekalia kigoda cha Sungura. Wahenga walisema usidharau wembamba wa reli, garimoshi hupita juu yake, na methali hiyo inaeleweka vyema katika mji kama Nakuru, uliokua kando ya njia ya reli.

Kuna tofauti moja muhimu, hata hivyo. Sungura hushinda kwa hila na mara nyingi hujinufaisha mwenyewe. Sema hushinda kwa kuunda kitu, na anachokiunda ni cha kijiji. Hapa ndipo tunapofikia kiini cha mambo.

Nguvu zinatoka wapi?

Swali la tatu ni hili: shujaa alipata wapi uwezo wake? Ili kulijibu, yafaa tulinganishe Super Sema na filamu mashuhuri zaidi ya aina hii, The Incredibles, iliyotolewa na studio ya Pixar ya Marekani mwaka wa 2004 chini ya uongozaji wa Brad Bird.

Filamu hiyo pia ni ya kuchekesha, na pia ina kina. Inahusu familia ya mashujaa waliopigwa marufuku kutumia vipawa vyao. Baba, ambaye ana nguvu za kunyanyua gari, anafanya kazi ya ukarani katika kampuni ya bima. Ukitazama kwa makini utaona kwamba kila kipawa ni taswira ya nafasi ya mtu nyumbani. Mama hunyumbuka kama mpira, kwa kuwa kila mtu anamvuta upande wake. Binti anayebaleghe hutoweka machoni pa watu, na mzazi yeyote wa msichana wa umri huo ataelewa maana yake. Kijana wa kiume hatulii, hivyo kipawa chake ni kasi.

Vipawa hivyo vyote ni vya kuzaliwa navyo. Adui katika filamu hiyo, kinyume chake, hakuzaliwa na lolote. Alipokuwa mtoto aliitwa Buddy, na alijiundia viatu vya kumwezesha kuruka angani. Alimwendea shujaa aliyemhusudu, akaomba awe msaidizi wake, akafukuzwa. Miaka ikapita. Buddy akawa Syndrome, tajiri mwenye kuunda silaha, akabuni roboti lenye uwezo wa kujifunza ili aliachilie mjini kisha ajifanye kulishinda mbele ya umma. Mwishowe roboti hilo likamgeukia yeye mwenyewe.

Msomaji, hebu waweke watoto hawa wawili ubavu kwa ubavu. Buddy ni mtoto mvumbuzi, na Sema ni mtoto mvumbuzi. Katika filamu ya Marekani mvumbuzi huyo anaishia kuwa adui wa watu, ilhali katika vibonzo vyenye mizizi ya Kenya anaishia kuwa mkombozi wao. Kwa nini?

Jibu la haraka ni kwamba taifa lililojaa mitambo lina hofu ya mitambo, nalo taifa linalonunua mitambo kutoka ng'ambo lina kiu ya kuunda yake. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi. Hata katika The Incredibles, mavazi ya mashujaa yanabuniwa na Edna, mwanamke mfupi mwenye maneno makali, ambaye hana kipawa cha kuzaliwa na wala si adui. Uvumbuzi peke yake, basi, haumharibu mtu.

Kilichowatenganisha Buddy na Sema ni namna walivyopokelewa. Buddy alisema, hakusikilizwa. Akavumbua akiwa peke yake, kwa uchungu, na kwa ajili ya sifa. Sema anaposema, nduguye yu kando yake na kijiji kiko nyuma yake. Vyombo vyao vinaweza kufanana, lakini nia imekwenda njia mbili.

Haya si ya kusoma kwenye skrini tu. Katika mitaa na vijiji vyetu wapo watoto wanaounda magari kwa nyaya na kuyatia magurudumu ya kandambili kuukuu. Wapo wanaofungua redio ya nyumbani ili waone sauti inatoka wapi, na badala ya kuelezwa, huchapwa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, umeutaja ubunifu kuwa mmoja wa umilisi saba wa kimsingi. Hata hivyo, mradi wa shule ukishafanywa na mzazi usiku ili mtoto apate alama, ubunifu huo umebaki kwenye karatasi.

Wala uvumbuzi si mgeni katika eneo hili. Pale Kariandusi, karibu na Ziwa Elementaita, ambako Louis Leakey alichimbua mwishoni mwa miaka ya 1920, zipo shoka za mkono zilizochongwa kwa mawe ya volkano laki kadhaa za miaka iliyopita. Kule Olkaria, Naivasha, Wakenya wamekuwa wakigeuza mvuke wa ardhini kuwa umeme tangu mwaka wa 1981. Fundi wa jua kali anayetengeneza jiko kutokana na bati chakavu ni wa ukoo huo huo.

Mashine na moto wa Kericho

Swali la Tobor lina upande mchungu pia. Mnamo Mei 2023, waandamanaji waliteketeza mashine za kuchuma chai katika mashamba makubwa ya Kericho. Sababu ilikuwa wazi. Mashine moja hufanya kazi ya vibarua wengi, na familia ambazo kwa vizazi zilitegemea kuchuma majani kwa mikono ziliona riziki ikiponyoka.

Aliyetazama Super Sema kijuujuu angesema kwamba waandamanaji walikuwa wakipigana na Tobor. Lakini Tobor anajitawala mwenyewe. Mashine ya chai haikujileta shambani. Kuna aliyeinunua, aliyepiga hesabu ya gharama na faida, na kuna ambao hawakuulizwa maoni yao kabla hesabu hiyo haijafungwa. Hapa vibonzo vinarahisisha mambo kupita kiasi. Vinampa uovu sura ya chuma, ilhali katika maisha maamuzi yanayomwondolea kibarua ugali hutolewa na binadamu waliovaa tai.

Pamoja na udhaifu huo, somo kuu linabaki thabiti. Sema haishindi mashine kwa kuikimbia. Anajifunza inavyofanya kazi, kisha anaunda yake. Mtoto wa mchuma chai anayeielewa mashine atakuwa na la kusema wakati wa kuamua itumike vipi na faida igawanywe vipi. Asiyeielewa atabakiwa na kiberiti.

Kisichosemwa

Hatua ya mwisho katika uhakiki ni kutafuta kilichonyamaziwa. Super Sema ulipozinduliwa, wahusika wake walizungumza Kiingereza. Hii ni kinaya. Jina la shujaa ni amri ya Kiswahili, jina la kijiji ni la Kiswahili, hata kampuni inaitwa Kukua, lakini mazungumzo yenyewe hayakuwa ya Kiswahili. Mtoto wa Rongai au Kuresoi anayeanza masomo kwa lugha ya nyumbani hukutana na shujaa anayefanana naye kwa sura na nywele, lakini anayemwacha nyuma kwa lugha.

Watetezi watasema kwamba soko la kimataifa linadai Kiingereza, na hoja yao ina mashiko kwa kuwa utengenezaji wa vibonzo hugharimu fedha nyingi. Hata hivyo, Ubongo Kids, vipindi vilivyoanza Tanzania mwaka wa 2014, vimewafunza watoto hisabati na sayansi kwa Kiswahili, kwa nyimbo na mizaha. Haliwezi tena kuitwa jambo lisilowezekana.

Kwa hivyo mzazi afanye nini? Hahitaji shahada. Kipindi kikiisha, na amuulize mtoto maswali manne: Jina la huyu lina maana gani? Ulimcheka nani, na kwa nini? Nguvu zake alizipata wapi? Nani hakupewa nafasi ya kusema? Majibu huenda yakamshangaza, kwa kuwa watoto huona mengi kuliko tunavyowadhania. Kisha, mtoto akisimama na kuanza kueleza mashine anayotaka kuiunda kwa vifuniko vya soda na waya, githeri ingoje kidogo, na gazeti likunjwe.