Kuruta Hujifunzaje?

Kila askari alipata kuwa kuruta, na wengi wetu huja kuwa wakufunzi wa wenzao. Lakini ni wangapi waliopata kujiuliza: mtu hujifunzaje hasa?

Tulipoanza kazi ya ukufunzi, tulikabidhiwa kuruta mmoja ambaye mikono ilimtetemeka kila aliposhika bunduki. Alipokosea kuifungua tulimkaripia. Tulipomkaripia alizidi kukosea. Tukamhesabu kuwa hafai.

Laiti tungaliwafahamu mapema wataalamu wa elimunafsi! Ivan Pavlov wa Urusi, aliyetunukiwa nishani ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kuwa mbwa aliyezoea kusikia mlio kabla ya kulishwa hudondokwa mate kwa mlio mtupu. Hofu nayo hufunzwa vivyo hivyo. Kuruta wetu alikwisha kuiunganisha bunduki na makaripio. Alijifunza barabara kile tulichomfundisha bila kujua.

Sajenti mmoja mtu mzima alimchukua pembeni. Alimfungulia silaha polepole, kipande baada ya kipande, kisha akamwachia arudie mwenyewe, akimsifu kwa kila hatua iliyo sawa. Haukupita muda mrefu, mikono ikatulia.

Mzee yule hakusoma vitabu, lakini Edward Thorndike wa Marekani alikwisha kuyaandika hayo mwaka 1898. Paka wake wenye njaa, waliofungiwa sandukuni, walijaribu na kukosea mpaka wakafumbua mlango. Tendo lililofaulu ndilo lililodumu. Baadaye B. F. Skinner akathibitisha kuwa tendo linalofuatwa na tuzo hurudiwa.

Liko fundisho jingine, nalo linawahusu pia ndugu zetu wa polisi. Mwaka 1961 Albert Bandura na wenzake walichunguza watoto waliomtazama mtu mzima akimpiga mwanasesere. Wengi wao waliiga kipigo hicho, ingawa hakuna aliyewaamuru. Basi konstebo mgeni anayemwona mkubwa wake akimtukana raia kituoni amekwisha kupewa somo, hata kama darasani aliambiwa kinyume chake.

Hatusemi nidhamu ilegezwe. Kosa la usalama wa silaha lazima lizuiwe papo hapo. Lakini askari anayeiogopa silaha yake ni hatari kwa wenzake. Mkufunzi, kabla ya kusema kuruta hafai, jiulize kwanza: je, umemfundisha nini?