Mwakilishi Wadi Akirudi Longonot: Vipimo Vitatu vya Taarifa Yake

Ukisimama Longonot kando ya barabara ya zamani inayotoka Mai Mahiu kwenda Naivasha, karibu kila unachokiona kina mwenyewe serikalini, na wenyewe hao si wamoja. Mlima ulio mbele yako, wenye kimo cha mita 2,776, ni hifadhi ya taifa tangu 1983 na unasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Barabara yenyewe iko chini ya mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu. Reli ya enzi za ukoloni na ile mpya iliyozinduliwa Oktoba 2019 kutoka Nairobi hadi Suswa ni za Shirika la Reli. Upande wa magharibi kuna mvuke wa Olkaria, unaozalisha umeme tangu 1981, na sehemu kubwa ya mitambo yake iko mikononi mwa kampuni ya umeme ya KenGen. Lakini zahanati, chekechea, soko, taa za barabarani, maji ya bomba na njia ya changarawe inayoingia kijijini ni mambo ya Serikali ya Kaunti ya Nakuru.

Mwananchi wa kawaida hana wakati wa kuzizungukia ofisi zote hizo. Humngoja mtu mmoja amweleze: mwakilishi wadi, ambaye wengi wetu humwita MCA. Ndiye anayesimama kwenye baraza la chifu, matangani na kanisani baada ya ibada, akatoa habari za bunge la kaunti. Nakuru ina wadi 55 katika maeneobunge 11, na eneobunge la Naivasha peke yake lina wadi 8. Kwa hiyo taarifa za namna hii hutolewa kila wiki. Tatizo ni kwamba wanaozisikiliza hawajapewa kipimo cha kuzipimia. Makala haya yanatoa vipimo vitatu, na yeyote anaweza kuvitumia.

Kwanza tujue sheria inasemaje. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamtaka mjumbe wa bunge la kaunti awe karibu na wapiga kura wake, ashauriane nao kuhusu mambo yaliyo mbele ya bunge, apeleke maoni yao huko, na awe kiungo kati ya bunge na wananchi katika utoaji wa huduma. Anayekuja kutoa taarifa, basi, hatufanyii hisani. Anatimiza wajibu alioapa kuutimiza.

Kifungu hichohicho kinaongeza jambo ambalo halisemwi sana mikutanoni: mjumbe haruhusiwi kujiingiza, waziwazi au kwa kupitia mtu mwingine, katika kazi za utekelezaji za serikali ya kaunti, wala kutoa huduma kana kwamba ni mwajiriwa wake. Kuleta greda ni kazi ya gavana, mawaziri wake wa kaunti na maafisa walio chini yao. Kazi ya mwakilishi ni kutunga sheria, kuipitisha bajeti na kuwakagua wanaoitumia. Mheshimiwa akisema "nimewaletea barabara", ama anajipa sifa ya watu wengine, ama ameingilia kazi ambayo sheria imemkataza.

Hata hivyo, mgala muue na haki yake mpe. Sisi wenyewe tumewasukuma viongozi hawa huko. Tunamdai mwakilishi mchango wa matanga, karo, nauli ya hospitali na mabati ya kanisa, kisha tunampima kwa uzito wa mfuko wake. Mwenye kukesha akisoma makadirio ya bajeti hashangiliwi. Anayeshangiliwa ni anayemwaga noti. Tukibadilisha tunachokiuliza, naye atabadilisha anachokuja kutuambia.

Kipimo cha kwanza: kazi hiyo ni ya nani?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Kaunti zimepewa vituo vya afya vya ngazi yao, kilimo, barabara za kaunti, masoko, elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, na huduma za maji na usafi. Serikali ya kitaifa imebaki na usalama, shule za msingi na sekondari, barabara kuu, reli na ulinzi wa wanyamapori.

Chukua nyati aliyetoka hifadhini akamjeruhi mtu. Madai ya fidia hufuata Sheria ya Wanyamapori ya 2013, kupitia KWS na kamati ya fidia iliyoundwa kwa ajili hiyo katika kila kaunti. Hayalipwi kutoka bajeti ya wadi. Au chukua basari. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, alizitaka kaunti ziwe na makubaliano rasmi na serikali ya kitaifa kabla ya kutumia pesa kwa basari, kwa sababu elimu iliyo zaidi ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini si jukumu lao. Mzazi aliyeahidiwa basari na mwakilishi ana haki ya kujua kama makubaliano hayo yapo.

Kujua mwenye kazi hakumpi mwakilishi ruhusa ya kunyamaza akisema "hilo ni la kitaifa". Ibara ya 195 ya Katiba inalipa bunge la kaunti na kamati zake mamlaka ya kumwita mtu yeyote aje atoe ushahidi au maelezo, likiwa na nguvu kama za Mahakama Kuu katika kuwashurutisha mashahidi. Ni chombo kikubwa, na wakazi wa bonde hili wanajua kwa uchungu kwa nini kinahitajika.

Alfajiri ya 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamekwama nyuma ya tuta la reli upande wa Old Kijabe yalipasua njia yakateremka hadi Mai Mahiu. Yaliua watu wasiopungua 45 na kuzoa nyumba zao. Reli ni ya serikali ya kitaifa. Mito na mikondo ya maji inasimamiwa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Mifereji ya maji ya mvua katika maeneo yenye majengo, pamoja na upangaji wa makazi, ni ya kaunti. Kukabiliana na maafa kumeandikwa katika pande zote mbili za Jedwali la Nne. Penye wenyewe wengi kiasi hicho, ni rahisi kila mmoja kumwonyesha mwenzake kidole. Mwakilishi anayestahili jina hilo huja na majibu ya maswali haya: kamati gani ilimwita nani, aliyeitwa alijibu nini, na kalvati zipi zimekaguliwa kabla ya mvua za masika zinazofuata.

Kipimo hiki kinafaa pia kwa mapato. Sheria ya Kawi ya 2019 imeweka mrabaha kwa wanaozalisha umeme kwa mvuke wa ardhini, na kuugawa hivi: asilimia 75 kwa serikali ya kitaifa, asilimia 20 kwa kaunti na asilimia 5 kwa jamii ya mahali pale. Kwa watu wanaoishi karibu na visima vya mvuke, maswali ni mepesi. Kaunti imepokea kiasi gani, kimeingizwa katika mafungu yapi ya bajeti, na fungu la jamii linasimamiwa na nani? Mwakilishi ndiye wa kuyauliza bungeni, kisha kutuletea majibu.

Kipimo cha pili: mradi umefika wapi katika kalenda ya bajeti?

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza 1 Julai, lakini bajeti yake huanza kuandikwa mapema zaidi. Kufikia 1 Septemba mwaka unaotangulia, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwa umewasilishwa bungeni. Kufikia 28 Februari huwasilishwa waraka wa mkakati wa fedha, unaoweka viwango vya matumizi vya kila idara. Kufikia 30 Aprili huja makadirio yenyewe ya bajeti, na bunge linatakiwa liwe limeyapitisha kabla ya 30 Juni. Juu ya yote haya kuna Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa miaka mitano, na wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Kifungu cha 104 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinasema hakuna pesa za umma zitakazotengwa nje ya mfumo wa mipango. Ndiyo maana kijiji kinachoanza kulilia kisima cha maji mwezi wa Mei hukuta mlango umefungwa. Kilio hicho kilitakiwa kufika Agosti.

Kutengewa pesa nako si mwisho wa safari. Mradi ukishaingia katika bajeti iliyopitishwa, pesa lazima zitoke katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, na Ibara ya 207 inasema hazitoki bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Kisha zabuni hutangazwa, mkandarasi hupatikana, kazi hufanywa, hukaguliwa, ndipo hulipwa. Mradi unaweza kukwama kwenye hatua yoyote: mgao kutoka Nairobi ukichelewa, zabuni ikipingwa, au mkandarasi akiondoka kwa sababu bado anaidai kaunti malipo ya kazi ya mwaka uliopita. Zaidi ya hayo, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti iweke angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwenye maendeleo. Mafungu ya mishahara na safari yakivimba, miradi ya wadi ndiyo hukonda.

Mwakilishi akisema zahanati yenu "imeshughulikiwa", mwombe akuonyeshe hatua. Je, imo katika mpango? Imo katika bajeti iliyopitishwa, na kwa kiasi gani? Zabuni imetolewa? Mkandarasi amelipwa ngapi? Majibu yapo kwenye karatasi. Hazina ya kaunti hutakiwa kuandaa ripoti ya matumizi kila robo ya mwaka, naye Msimamizi wa Bajeti huchapisha ripoti zake kuhusu kaunti zote 47.

Kipimo cha tatu: mwenyewe amefanya nini bungeni?

Hapa ndipo taarifa nyingi huwa nyembamba. Tunaambiwa gavana amefanya hili na rais ameahidi lile, lakini kazi ya mwakilishi mwenyewe haitajwi. Maswali ya haki ni haya: ni kamati zipi alizomo? Ni hoja gani ameileta? Ni mswada upi ameuunga mkono au kuupinga, na kwa nini? Ametaka maelezo kutoka idara gani kuhusu wadi yetu? Wakati wa kupitisha bajeti, ni fungu gani alilitetea likaongezwa, na fungu gani alikubali lipunguzwe? Yote hayo huandikwa katika Hansadi, kumbukumbu rasmi za bunge. Anayefanya kazi hana la kuogopa akiulizwa ukurasa.

Ibara ya 196 inaliagiza bunge la kaunti kufanya shughuli zake kwa uwazi, kufungulia umma vikao vyake na vya kamati zake, na kuwashirikisha wananchi. Kwa wakazi wa Longonot, safari ya kwenda jijini Nakuru ni nauli na siku nzima ya kazi. Kwa hiyo uwazi usiishie kwenye mlango wa ukumbi ulioachwa wazi kule Nakuru. Uwashukie watu waliko, kwa karatasi iliyobandikwa kwenye ofisi ya chifu, zahanati na soko, iliyoandikwa kwa Kiswahili.

Mwakilishi akikataa kutoa maelezo, au ofisi ya kaunti ikifunga kabati, mwananchi bado ana njia. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamruhusu kuandika barua, kwa Kiswahili au Kiingereza, akiomba hati za umma bila kulazimika kueleza anazitakia nini. Ofisi inatakiwa iamue katika siku 21, au katika saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Akinyimwa, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki za Utawala. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti nacho kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi rasmi bungeni ili jambo lililo katika mamlaka ya bunge hilo lijadiliwe. Ombi lenye sahihi za wanakijiji, linalotaja mradi, mwaka wa bajeti na kinachotakiwa, lina uzito kuliko kelele za mkutano mzima.

Taarifa nzuri haihitaji kuwa ndefu. Ukurasa mmoja kila baada ya miezi mitatu unatosha: orodha ya miradi ya wadi, hatua ya kila mmoja, pesa zilizotengwa na zilizolipwa; mambo ya serikali ya kitaifa yaliyofuatiliwa na majibu yaliyopatikana; kazi ya mwakilishi bungeni; na tarehe ya kikao kijacho cha kukusanya maoni. Mwakilishi anayetoa ukurasa huo anajikinga mwenyewe. Mradi ukikwama kwa sababu mgao wa pesa umechelewa, wananchi wataliona hilo kwa macho yao badala ya kumshuku kwamba amezila.

Uchaguzi mkuu ujao umepangwa kufanyika 10 Agosti 2027. Kama kurasa hizo zitakuwa zimehifadhiwa kijijini, mpiga kura wa Longonot ataingia kituoni na kumbukumbu ya kazi iliyofanyika, robo kwa robo. Kama hazitakuwapo, atabaki na kumbukumbu ya fulana, noti na spika za kampeni. Tuanze kuzidai kwenye baraza linalofuata, kwa adabu na kwa majina ya miradi.