Kitendo, Mhusika na Istilahi: Mizani ya Bunilizi ya Kisayansi ya Televisheni kwa Mtazamaji wa Chalinze

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi vipengele vitatu, yaani kitendo, mgogoro wa wahusika na istilahi za kitaalamu, vinavyogawana nafasi katika bunilizi ya kisayansi ya televisheni. Mifano imetolewa katika Star Trek, Battlestar Galactica na filamu fupi ya Kikenya Pumzi, na mazingira ya upokezi yanayozingatiwa ni ya Chalinze, mkoani Pwani. Hoja kuu ni kwamba istilahi hailemei kazi kwa sababu ya wingi au ugumu wake, bali inapokuwa haimdai mhusika chochote. Hoja hiyo ina uzito kwa Kiswahili, kwa kuwa istilahi ndiyo hutupwa kwanza kazi hizi zinaposimuliwa upya katika lugha hii.

1.0 Utangulizi

Chalinze ni njiapanda. Barabara itokayo Dar es Salaam hugawanyika hapo baada ya takribani kilometa 100: moja huendelea Morogoro na bara, nyingine hupinda kaskazini kuelekea Segera, Tanga na Arusha. Mabasi na malori husimama, abiria hununua chakula, na filamu huonekana penye umeme na kivuli: katika runinga ya basi, mgahawani, na katika kibanda umiza siku isiyo na mpira.

Mtazamaji wa mahali kama hapo hutazama kwa vipande. Huingia filamu imekwisha kuanza, hushuka kabla haijafika mwisho, na sauti ya wahusika hushindana na injini na wachuuzi wa dirishani. Kitendo hustahimili hali hiyo, kwa sababu anayekimbia na anayekimbizwa hutambulika hata bila sauti. Mgogoro wa wahusika hustahimili kwa kiasi, kwa kuwa uso wa anayelia hauhitaji tafsiri. Istilahi ndiyo haistahimili. Sentensi moja ikipotea, maelezo ya jinsi mtambo unavyofanya kazi hupotea nayo. Swali linalozaliwa ni hili: je, bunilizi ya kisayansi ikivuliwa istilahi zake, bado hubaki kuwa bunilizi ya kisayansi?

2.0 Vipengele Vitatu na Kazi Zake

Darko Suvin, katika kitabu chake cha mwaka 1979, anaueleza utanzu huu kuwa ni ule unaoufanya ulimwengu uonekane mgeni huku ukimtaka msomaji aufikirie kwa mantiki. Kiini chake ni jambo jipya ambalo halimo katika ulimwengu wa msomaji, lakini lina kanuni zake. Kwa msingi huo, kila kipengele kina kazi yake. Kitendo huonyesha jambo jipya likitenda. Mhusika huonyesha linamgharimu nani. Istilahi huahidi kwamba jambo hilo lina kanuni, na kwamba mwandishi hatazivunja kwa urahisi wake.

Kazi hii ya tatu si ngeni kwa mtazamaji wa Kitanzania. Katika filamu za Kibongo zinazohusu uganga, mganga hutoa dawa pamoja na masharti: usigeuke nyuma, usile chakula fulani, usimwambie mtu. Mtazamaji haelewi dawa inafanyaje kazi, wala hahitaji kuelewa. Anachokishika ni sharti, kwa sababu anajua litavunjwa na kwamba atakayelivunja ataumia. Istilahi ya kisayansi hufanya kazi vizuri inapokuwa na tabia ya sharti. Ikikosa tabia hiyo, hubaki kuwa pambo.

Mfano wa pambo umeelezwa na Ronald D. Moore, aliyekuwa miongoni mwa waandishi wa Star Trek ya miaka ya 1990. Kwa maelezo yake, waandishi waliandika neno moja tu la kushika nafasi pale palipohitajika maelezo ya kitaalamu, kisha washauri wa sayansi wakajaza baadaye. Mhusika angeweza kutatua tatizo kwa neno lolote litakaloletwa. Utaratibu huo unadhihirisha udhaifu wenyewe: ikiwa neno lolote linaweza kukaa pale, basi hakuna lililo muhimu pale. Hatari hutatuliwa bila mtu kuchagua wala kupoteza chochote.

3.0 Mifano Mitatu: Chumvi, Usingizi na Maji

3.1 Chumvi

Kipindi cha kwanza cha Star Trek kurushwa Marekani, tarehe 8 Septemba 1966, kinamhusu kiumbe anayeua watu kwa kuwanyonya chumvi mwilini. Kiumbe huyo hujigeuza kuwa mtu anayetamaniwa na amwonaye. Kwa Uhura, afisa wa mawasiliano aliyeigizwa na Nichelle Nichols na ambaye jina lake limetokana na neno uhuru, anajitokeza kama mwanamume Mwafrika anayemsemesha kwa Kiswahili.

Istilahi yote ya kipindi hicho imekusanywa katika neno moja, chumvi. Mtazamaji wa Pwani, aliyeyaona mashamba ya chumvi ya Nunge kule Bagamoyo, hahitaji kufafanuliwa thamani yake. Kiswahili nacho kimetumika kama chambo: lugha ya nyumbani ndiyo inayomlegeza mtu aliye mbali na kwao. Hapa neno la kitaalamu na upweke wa mhusika vinavutana katika kamba moja.

Kipindi kingine cha mfululizo huohuo, cha mwaka 1967, kinaonyesha mizani ikipotea. Mtambo uitwao Nomad unaifuta kumbukumbu ya Uhura. Anafundishwa kusoma upya, na anapokwama anarudi kwenye Kiswahili. Ni hali nzito: msomi aliyepoteza elimu yote amebakiwa na lugha ya asili. Hata hivyo, kipindi kinaharakisha kuelekea pambano na Nomad, na katika vipindi vinavyofuata Uhura yuko kazini kama kwamba hakuna lililomfika. Kitendo kimemmeza mhusika.

3.2 Usingizi

Moore alipopewa kuiunda upya Battlestar Galactica, alijiwekea lengo la kupunguza lugha ya mitambo. Kipindi cha kwanza cha mfululizo huo kinaitwa “33”, nacho kilipata tuzo ya Hugo mwaka 2005. Mabaki ya binadamu wanakimbia na msafara wa vyombo vya angani. Adui huwafikia kila baada ya dakika 33, nao hulazimika kuruka tena mbali. Hali hiyo imeendelea kwa zaidi ya siku tano, na mabaharia hawajalala.

Namna vyombo vinavyoruka haielezwi kwa kina. Kinachobaki ni namba, nayo inakuwa sharti: kabla ya dakika 33 kwisha, kila mtu awe tayari. Uchovu wa wahusika unaonekana machoni, mikononi na katika makosa yao. Kisha chombo kimoja cha abiria, Olympic Carrier, kinaachwa nyuma, na kwa mara ya kwanza adui hatokei kwa wakati. Chombo hicho kinaporejea, shaka inaangukia kwamba ndicho kinachowaongoza maadui. Rais Laura Roslin na Kamanda Adama wanaamuru kiharibiwe, ingawa kimesajiliwa kuwa na abiria zaidi ya 1,300. Miongoni mwa wanaofyatua ni Lee, mwana wa kamanda.

Kitendo hapo ni sekunde chache za risasi, lakini uzito wake umejengwa na hesabu ya dakika na ukosefu wa usingizi. Dereva wa lori aliyeegesha Chalinze usiku akitokea mpakani anaijua hesabu ya aina hiyo pasipo kufundishwa.

3.3 Maji

Pumzi, filamu ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, imejengwa katika Afrika Mashariki ya baada ya vita vya maji. Watu wanaishi ndani ya jamii iliyofungwa iitwayo Maitu. Mkojo na jasho husafishwa yakawa maji ya kunywa, umeme huzalishwa kwa mazoezi ya mwili, na ndoto huzuiwa kwa vidonge. Asha, mtunza makumbusho, anapokea udongo wenye unyevu usio na mnururisho, anapanda mbegu ndani yake, kisha anatoroka kwenda kuipanda nje.

Mazungumzo ni machache mno. Badala ya kueleza teknolojia, filamu inaonyesha mtu akilikusanya jasho lake katika chupa. Istilahi imegeuzwa kuwa kitendo, na kitendo kimegeuzwa kuwa uamuzi: mwishoni Asha anatoa maji yake ya mwisho kwa mche. Kwa mji ambao kwa muda mrefu umesumbuliwa na uhaba wa maji na ambao mradi wake huchota Mto Wami, filamu hiyo haizungumzii ulimwengu wa mbali.

4.0 Istilahi Mikononi mwa Msimulizi

Watazamaji wengi wa vibandani hupokea filamu za kigeni kupitia msimulizi anayezungumza juu ya sauti ya asili. Nchini Tanzania sanaa hiyo ilipata umaarufu kupitia Lufufu, na nchini Kenya kupitia DJ Afro. Msimulizi hafasiri neno kwa neno. Huwapa wahusika tabia zinazojulikana mitaani, hutania, huonya, na huziba mapengo. Kwa ustadi huo, drama ya wahusika huongezeka. Istilahi, kwa upande mwingine, mara nyingi hubadilishwa kuwa “mtambo” au “dude”. Kitendo hubaki kamili, lakini kanuni iliyokifanya kiwe cha lazima huyeyuka.

Usambazaji rasmi umelikwepa tatizo hilo. Tamthiliya ya Kichina iliyofungua njia ya kuingiziwa sauti za Kiswahili na kurushwa na TBC mwaka 2011 ilihusu mkwe na mama wakwe. Mgogoro wa ukoo hauhitaji kamusi.

Hata hivyo, kukwepa huko hakutokani na ufukara wa lugha. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilichapishwa mwaka 1990. Katika riwaya, Katama Mkangi alikwisha kuonyesha njia kwa Walenisi (1995), ambamo Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anarushwa katika chombo na kuokoka kwa kujifunza kukiendesha. Kila kitufe anachokielewa ni pumzi nyingine aliyojiongezea. Maneno yapo, kinachokosekana katika televisheni ni mhusika anayeyatamka akiwa na cha kupoteza.

5.0 Hitimisho

Mizani ya bunilizi ya kisayansi haipatikani kwa kuvipa vipengele vitatu dakika sawa. Hupatikana pale istilahi inapoweka sharti, sharti linapombana mhusika, na mhusika anapotenda kwa kuwa hana njia nyingine. Kwa kipimo hicho, swali la utangulizi linajibika: kazi inaweza kupunguziwa maneno ya kitaalamu hadi likabaki moja, kama chumvi au 33, lakini ikipoteza na hilo moja, hubaki mbio na risasi tu.

Kwa waandishi wa miswada wa Kiswahili, wakiwamo wanaofundwa katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, hatua ya kwanza si kutafuta fedha za kuunda vyombo vya angani. Ni kuchagua neno moja la kitaalamu ambalo mtazamaji aliyepanda basi Chalinze na kukuta filamu katikati ataweza kulishika, na kuhakikisha kwamba kuna mtu katika hadithi ambaye neno hilo litamgharimu.