Hamdu na Shtaka: Sifa za Mungu Penye Dhiki katika Tendi za Kiswahili

Imezoeleka kusemwa kwamba tendi za kidini za Waswahili humfundisha mja kunyamaza. Mgonjwa na ahimidi, mfiwa na ahimidi, aliyepokonywa mali na ahimidi. Na akisha kuhimidi hana tena haki ya kulia. Rai hii husikika katika madarasa ya fasihi kila wanafunzi wanapokutana na mashairi ya kale ya pwani, na haifai kuachwa ipite bila ya kupimwa. Ikiwa ni sahihi, basi sehemu kubwa ya ushairi huo ni mafunzo ya unyonge. Ikiwa si sahihi, basi sauti za wenye maumivu zimekuwa zikisomwa kana kwamba hazina maumivu.

Yafaa kuanza na maneno yenyewe. Kiswahili kilipokea kutoka Kiarabu maneno mawili ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya: shukrani na hamdu. Wanazuoni wa lugha ya Kiarabu huyatenga. Shukrani hutolewa kwa ajili ya neema iliyopokewa. Panapokosekana neema hapana cha kushukuriwa. Hamdu ni pana zaidi: ni kumsifu Mungu kwa jinsi alivyo, mja awe amepewa au amenyimwa. Ndiyo maana mgonjwa wa Lamu au Mombasa, akiulizwa hali, huweza kujibu kwa Alhamdulillahi na papo hapo akaeleza kwamba hakulala usiku kucha kwa homa. Hakusema uongo, wala hakujipinga. Neno la kwanza lahusu Mola, na la pili lahusu homa. Kitenzi kuhimidi, kilichotokana na asili hiyo hiyo, kimeingia pia katika Biblia ya Kiswahili, kwa hiyo jambo hili si la Waislamu peke yao.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 (sawa na 1275 Hijria). Mtunzi alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, aliyepambana na masultani wa Zanzibar na kufariki mwaka 1856. Wahakiki wengi wameshughulikia mawaidha ya mke kwa mume yaliyomo, na hasa baada ya chapa ya Alice Werner na William Hichens ya 1934, ambayo kichwa chake cha Kiingereza kilitaja wajibu wa mke na kunyamaza kuhusu ugonjwa. Ni hasara, kwa kuwa mpangilio wa beti za kwanza una mengi ya kusema.

Desturi ya tendi ni kufungua kwa jina la Mungu, sifa zake, na sala kwa Mtume. Habari nyingine zote husubiri. Mwana Kupona hakufanya hivyo. Ubeti wa kwanza wamwita binti yake asogee apokee wasia. Wa pili watangaza kwamba maradhi yamemshika kwa muda wa mwaka mzima, hata asipate nafasi ya kumwambia neno jema. Wa tatu waagiza wino na karatasi. Ni katika ubeti wa nne tu ndipo binti anapoamriwa aliandike jina la Mola na kumtaja Mtume na masahaba zake. Maradhi yametangulia hamdu. Haiwezekani kudai kwamba mwanamke aliyezilea kanuni za utendi kiasi hicho alisahau mahali pa kuanzia. Kinachoonekana ni kwamba sifa zinatoka katika kitanda cha mgonjwa, na msikilizaji anatakiwa ajue hivyo kabla hajazisikia. Kisha, baada ya mawaidha, huja dua ndefu ambamo Mungu anaitwa kwa majina yake ya sifa huku akiombwa aondoe ugonjwa na huzuni, na awahifadhi watoto na jamaa. Karibu na tamati mtunzi anajieleza kuwa ni mgeni mwenye majonzi. Huyo si mtu aliyenyamaza.

Kisa cha Ayubu, ambacho nacho kina utendi wake, chatoa ushahidi wa namna nyingine. Katika Kurani (21:83) Ayubu anasema mambo mawili tu: kwamba madhara yamempata, na kwamba Mola wake ndiye mwenye kurehemu kuliko wote wenye kurehemu. Hakuna kitenzi cha kuamuru wala cha kuomba. Malalamiko na sifa vimewekwa bega kwa bega, na ombi limejificha katikati yao. Na juu ya malalamiko hayo, Mungu anamtaja (38:44) kuwa ni mwenye subira. Basi subira, kwa kipimo hiki, si kuziba mdomo. Yaakub naye, baba wa Yusuf, ajulikanaye kwa subira njema, anatamka waziwazi (12:86) kwamba majonzi yake anamshtakia Mungu.

Hapa sarufi ya Kiswahili inasaidia kuliko maelezo mengi. Kumshtaki Mungu ni kumfanya mshtakiwa; kumshtakia Mungu ni kumfanya hakimu. Tofauti yote imebebwa na kiambishi kimoja cha kauli ya kutendea. Anayemshtakia amekwisha kumsifu, kwa sababu hakuna apelekaye shtaka kwa asiyemwamini kuwa ana uwezo na uadilifu. Ayubu wa Biblia alikwenda mbali zaidi: baada ya kulihimidi jina la Bwana katika sura ya kwanza, katika sura ya tatu anailaani siku aliyozaliwa. Hata hivyo, mwishoni (42:7) wanaokemewa ni rafiki zake, waliojidai kumtetea Mungu.

Rafiki hao wangali hai matangani. Msemo kwamba kazi ya Mungu haina makosa ni hamdu unapotoka kinywani mwa mfiwa mwenyewe. Ukitoka kwa jirani anayetaka kilio kikome upesi, maneno ni yale yale lakini tendo ni jingine. Uchambuzi wa maana usiouliza nani asema, na akiwa katika hali gani, hauwezi kuona tofauti hiyo. Na hapo ndipo rai iliyotajwa mwanzoni inapokosea. Imesikia sifa za mgonjwa kana kwamba zimesemwa na wale wanaomzunguka.

Mwana Kupona alifariki yapata mwaka 1860. Afya aliyoiomba, kama aliipata, haikudumu. Ubeti wa pili, unaotaja maradhi, umebaki pale pale alipouweka, mbele ya jina la Mola.