Msamaha wa Masharti katika Usafirishaji wa Mada za Nyuklia: Maana Yake kwa Mwananchi

Mwananchi anayeishi kando ya barabara kuu, anayefanya kazi bandarini au anayenunua vyuma chakavu anaweza siku moja kukutana na kifurushi chenye alama ya mionzi. Anaweza pia kusikia kwamba mzigo fulani wa urani umesafirishwa chini ya msamaha. Neno hilo huzua hofu kwa baadhi ya watu, wakidhani kwamba sheria imelegezwa. Kwa wengine huzua uzembe, wakidhani kwamba mzigo huo hauna madhara. Dhana zote mbili si sahihi, na ya pili imewahi kugharimu maisha ya watu.

Mada zinazohusika

Mada zote za nyuklia hutoa mionzi, lakini ni chache tu zenye sifa ya kupasuka viini kwa mfululizo. Kiini cha atomi kinapogongwa na nyutroni hupasuka, hutoa nishati na nyutroni nyingine, nazo huenda kupasua viini vya jirani. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ambazo ndizo msingi wa kanuni za nchi nyingi, zinataja aina nne: urani 233, urani 235, plutoniamu 239 na plutoniamu 241. Katika makala haya tutaziita mada za mpasuko.

Mfululizo huo unaweza kuanza bila kukusudiwa. Tarehe 30 Septemba 1999, katika kiwanda cha Tokaimura nchini Japani, wafanyakazi walimimina ndani ya tangi moja mmumunyo wa urani uliozidi mno kiwango kilichoruhusiwa. Mpasuko wa mfululizo ulianza papo hapo na kuendelea kwa muda wa saa 20 hivi. Wafanyakazi wawili walifariki dunia, na wakazi wa jirani walihamishwa kwa muda.

Kwa sababu hiyo, kifurushi cha mada za mpasuko huwekewa masharti ya ziada. Msafirishaji hutakiwa kuthibitisha kwamba mfululizo hautaanza hata kifurushi kikianguka, kikiungua au kikiingiwa na maji. Maji hutajwa kwa makusudi: hupunguza kasi ya nyutroni, na nyutroni za polepole hupasua viini kwa urahisi zaidi.

Msamaha hutolewa wakati gani

Ili mfululizo uanze, ni lazima mada iwe nyingi, iwe imekolea vya kutosha, na iwe imekusanyika pamoja. Likikosekana moja kati ya hayo, mfululizo hauwezi kuanza. Msamaha umejengwa juu ya ukweli huo.

Kwanza, urani ya asili ambayo haijapita katika tanuri la nyuklia haihesabiwi kabisa kuwa mada ya mpasuko katika usafirishaji. Katika kila gramu 1,000 za urani hiyo, urani 235 ni takriban gramu 7 tu. Ndiyo maana unga wa urani kutoka migodini, ujulikanao kama keki ya njano, husafirishwa katika mapipa ya chuma bila masharti ya mpasuko. Jambo hili linaihusu Tanzania moja kwa moja, kwa kuwa ina hazina ya urani katika eneo la Mto Mkuju, wilayani Namtumbo.

Pili, urani iliyorutubishwa kidogo, isiyozidi asilimia 1 ya urani 235, inaweza kusamehewa endapo imesambaa kwa usawa ndani ya mzigo na viwango vya plutoniamu na urani 233 ni vidogo sana.

Tatu, kiasi kidogo kinaweza kusamehewa. Kifurushi chenye mada za mpasuko zisizozidi gramu 2 kinaweza kupata msamaha, lakini shehena nzima isizidi gramu 15. Kikomo hicho cha pili ni muhimu, kwani bila hicho mtu angeweza kugawa kilo nyingi katika vifurushi vidogo na kuvipakia pamoja.

Mambo ambayo msamaha hauondoi

Msamaha huu unahusu hatari moja tu, yaani mpasuko wa mfululizo. Hauondoi masharti ya ufungashaji, vibandiko, hati za mzigo, vipimo vya mionzi wala kibali cha mamlaka. Nchini Tanzania, mamlaka hiyo ni Tume ya Nguvu za Atomiki, inayofanya kazi chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka 2003.

Hivyo basi, lori lililobeba keki ya njano haliwezi kulipuka kama bomu la nyuklia. Hata hivyo, pipa likipasuka, vumbi lake halipaswi kuvutwa puani wala kuingia katika chakula au maji, kwa sababu urani ni sumu inayodhuru figo, mbali na mionzi yake.

Vilevile, zipo mada zisizo za mpasuko kabisa ambazo ni hatari kupita kiasi. Mwaka 1987, mjini Goiânia nchini Brazil, watu walichukua kifaa cha tiba kilichoachwa katika jengo la hospitali iliyohama, wakakiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na sesiamu 137, unga uliotoa mwanga wa buluu gizani. Familia na majirani waliugusa na kugawana. Watu wanne walifariki dunia, mmoja wao akiwa mtoto wa miaka sita, na kwa jumla watu 249 walikutwa wamechafuliwa na mionzi. Sesiamu 137 haimo katika orodha ya mada za mpasuko.

Kusoma vibandiko

Alama ya mionzi ni mabawa matatu meusi yanayozunguka duara dogo. Kibandiko cheupe chenye mstari mmoja mwekundu huonyesha mionzi midogo kabisa nje ya kifurushi. Vibandiko vya njano vyenye mistari miwili au mitatu huonyesha mionzi mikubwa zaidi. Kifurushi cha mada za mpasuko kisichosamehewa huwa na kibandiko cha ziada, cheupe, chenye neno FISSILE. Kukosekana kwa neno hilo si ruhusa ya kukikaribia kifurushi.

Unachopaswa kufanya

• Ukiona gari lililobeba mzigo wenye alama ya mionzi limepata ajali, usilisogelee kutazama wala kuokota kitu. Waokoaji huanza kwa kuzuia watu umbali wa mita 30 kila upande. Wewe kaa mbali zaidi, upande unakotoka upepo.
• Toa taarifa Polisi kwa namba 112 au Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114. Eleza alama na namba ulizoziona ukiwa mbali.
• Usile, usinywe wala usivute sigara karibu na eneo hilo. Ikiwa uligusa mzigo, nawa mikono, vua nguo za nje, uzifunge katika mfuko na usubiri wataalamu.
• Mnunuzi wa vyuma chakavu asikate wala kuyeyusha chombo kizito cha risasi chenye alama hiyo, hata kama kimechakaa na muuzaji anadai ni kitupu.

Mwananchi anayo haki ya kuuliza iwapo mzigo unaopita katika eneo lake una kibali. Akijibiwa kwamba umesamehewa, aulize tena: umesamehewa sharti gani, na masharti gani yamebaki? Msafirishaji anayefuata sheria atakuwa na jibu katika hati zake.