Tundu Nililoliziba

Kuuliza si ujinga, husema Waswahili. Methali hii nimewasomesha watoto wa chuo tangu ndevu zangu hazijaota vizuri, na katika mashairi nimeitia mara zisizo idadi. Leo, ndugu msomaji, nataka kukusimulia jinsi nilivyosafiri kutoka Mombasa mpaka Kenyenya, katika nchi ya Wakisii, nikiwa na hasira ya kumrudisha mwanangu nyumbani, na jinsi methali hiyo ilivyonigeukia huko ikaniuliza: Je, wewe ulipoulizwa ulijibu nini?

Mwanangu wa pili anasoma uhandisi wa mitambo katika chuo kikuu. Likizo ilipoingia tulimngoja nyumbani. Idi ilikuwa karibu, na mama yake alikwisha kumshonea kanzu. Badala ya kuja akapiga simu kwamba anakwenda Kenyenya kwa mwenziwe wa darasani, kwani wana kazi ya mabomba ambayo lazima waimalize. Idi ikaja ikapita, kanzu ikabaki imetundikwa msumarini. Siku ya tatu nikafunga safari. Na niseme kweli, masomo yale ya vyuma hayakunipendeza tangu mwanzo. Nilitaka awe mwanasheria, mtu wa kalamu kama baba yake. Kila nikiyawaza hayo mabomba, nilimwona fundi wa gereji mwenye mafuta mpaka kwenye nyusi.

Nilipita Nairobi, Narok na Bomet, nikafika mji wa Kisii, na hapo nikapanda matatu ya Kenyenya. Nchi ile ni vilima juu ya vilima, kijani kitupu, migomba na michai imepandwa mpaka kwenye miteremko ambayo sisi wa pwani tungeogopa hata kuisimamia. Nyumba ziko juu, vijito viko chini bondeni, na kati yao kuna vinjia vya wanawake wenye ndoo vichwani. Neno hilo la ndoo, msomaji, liweke moyoni. Tutalirudia.

Walinipokea kwa heshima kubwa. Yule kijana mwenyeji alimwita mama yake "baba", nikadhani sikusikia vizuri, kumbe kwa Kikisii baba ndiye mama, na baba mzazi huitwa "tata". Nikacheka moyoni nikasema, hapa hata majina yamepinduka. Mwanangu alikuja kunishika mkono, akasema, "Shikamoo, Baba," macho yake yako chini. Nikaitikia marahaba kavu kavu. Maneno yangu nikayaweka mpaka asubuhi, maana mgeni hagombi siku ya kwanza.

Wakati wa sala ya alasiri nilikuwa sijui kibla kiko wapi, na mawingu yalikuwa yamelifunika jua. Mwanangu alikuwa amekwenda kisimani kunichotea maji ya udhu. Yule mwenziwe, ambaye si Mwislamu, akaniambia, "Ngoja kidogo, Mzee." Akachukua sindano ya kushonea, akaisugua juu ya sumaku mara nyingi, kila mara kwa upande mmoja, akailaza juu ya kijani kikavu kilichoelea ndani ya bakuli la maji. Ile sindano ikazunguka pole pole kama inayofikiri, kisha ikatulia ikilala kaskazini na kusini. Akasema, "Mwanao hapa huelekea kaskazini, kisha hupinda mashariki kidogo." Nikatandika mswala wangu. Sikusema kitu, lakini hasira ilipungua ratili moja.

Usiku tulipikiwa ndizi na maharage, kwa kuwa nyanya ya kijana aliambiwa kwamba sisi nyama tunachagua mchinjaji. Maharage yale yalichemka na kuchemka hata nikaona yamegoma. Nikamwambia mwanangu kwamba kuni zao hazina moto. Akajibu kwa adabu, "Moto upo, Baba. Ni maji yenyewe hapa yanachemka mapema." Wakaleta kipimajoto, wakakitia katika sufuria ya maji yaliyokuwa yakitokota. Kikasimama kwenye digrii 94. Kwetu Mombasa, kando ya bahari, maji huchemka kwa digrii 100. Lakini vilima vya Kisii viko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa inayoyakandamiza maji ni pungufu, basi maji hutokota kabla hayajafika ule moto wa kwetu, na ukiongeza kuni huongezi joto ila mvuke tu. Ndiyo sababu maharage ya huko yana subira. Nimepika safarini miaka mingi, wala sikupata kujiuliza.

Asubuhi nikaingia karakana yao, nikiwa nimekwisha kuyapanga maneno yangu. Karakana ni kibanda cha mabati makuukuu nyuma ya jiko, ndani mna mabomba, vali, misumeno, magurudumu ya baiskeli na chupa. Jua lilikuwa limechomoza, na kwa kuwa mabati yale yamejaa matundu ya misumari, sakafu ilikuwa imetawanyika vidoto vya mwanga. Kabla sijafungua kinywa, mwanangu akasema, "Baba, tazama. Tundu lile lina pembe tatu, hili limechanika kama mdomo. Mbona mwanga wake chini ni duara, yote?"

Nikatazama. Ilikuwa hivyo kweli. Nikasema, "Sijui."

Akaniambia kwamba kila doto ni picha ya jua lenyewe. Mwanga huenda moja kwa moja haupindi, na tundu likiwa dogo na liko mbali na sakafu, umbo la tundu halionekani tena, linaloonekana ni umbo la kile kinachotoa mwanga. Mwenziwe akaongeza kwamba tarehe 3 Novemba 2013, jua lilipopatwa, yeye alikuwa mtoto, na vidoto vilivyopenya ukuta wa jiko la nyanyake vyote viligeuka kuwa hilali ndogo ndogo. Alikimbia nje kuwaita watu, na tangu siku ile hakuwa na raha mpaka alipojua sababu.

Mwanangu akainama kuokota spana, akasema kwa sauti ya chini, "Kama ule ukuta wetu, Baba."

Hapo, msomaji mpenzi, nilikaa juu ya kigoda.

Alipokuwa na miaka saba tulikaa Mji wa Kale, ghorofani, chumba chenye madirisha mazito ya mbao. Mchana wa joto tulikuwa tukiyafunga tukalala. Siku moja akaniamsha. Ubao mmoja wa dirisha ulikuwa na tundu la fundo, na juu ya ukuta wa chokaa palikuwa na watu wadogo wanapita, miguu juu vichwa chini, na mkokoteni umepinduka magurudumu yakizunguka hewani. Akauliza, "Baba, mbona watu wanatembea kichwangomba?" Mimi nilikuwa na usingizi. Nikamwambia hayo ni mambo ya mashetani ya mchana, alale. Kisha nikachukua kitambaa nikaliziba lile tundu. Hakuniuliza tena. Mimi nikaona nimepata mtoto mtulivu.

Aibu yangu ni kubwa zaidi kwa sababu jibu lilikuwa kwetu. Ibn al-Haytham, mtu wa Basra aliyezaliwa kama mwaka 965, aliuchunguza mwanga unaopita katika tundu na kuingia chumba cha giza, akaandika Kitabu cha Manadhiri ambacho Wazungu walikitarjumi kwa Kilatini wakakisoma karne nyingi. Mwanga wa kichwa cha mpita njia unaopenya tunduni huteremka, na wa miguu hupanda, kwa hiyo picha ukutani lazima ipinduke. Hakuna shetani hapo. Mimi niliyesoma chuoni, niliyefunzwa kwamba Mwenyezi Mungu ametuamuru kutazama na kufikiri, nililiziba kwa kitambaa swali ambalo mwanachuoni wa Kiislamu alikwisha kulijibu miaka elfu iliyopita.

Tukashuka bondeni kwenye kazi yao. Walikuwa wakiunda pampu isiyotumia petroli wala umeme. Ubunifu wake si mpya, kwani Mfaransa Joseph Montgolfier, mmoja wa ndugu wawili waliotengeneza puto la hewa moto, aliiunda mwaka 1796. Maji ya kijito huteremka kwa bomba yakishika kasi, mara vali inajifunga kwa kishindo. Maji yaliyokuwa mbioni hayana pa kwenda, nguvu yake inasukuma vali ya pili, na kiasi kidogo kinapanda bomba jembamba kuelekea kilimani. Kishindo kikiisha, vali ya kwanza inafunguka tena. Maji mengi hushuka yakamwagika ili machache yapande. Tatizo ni kwamba yao ilipiga mara tatu ikanyamaza, na wiki mbili ilikuwa hivyo hivyo.

Tulipokaa kungoja gundi ya kiungo ikauke, nikauliza kama hawachoki kuchekwa, maana nilisikia jirani akiwaita wauza vyuma chakavu. Yule mwenyeji akanisimulia habari ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa ya kuchemsha na sukari. Nafasi katika friji ilikuwa finyu, Mpemba akaharakisha akatia maziwa yake yangali moto. Yake yakaganda kabla ya yale ya mwenziwe yaliyotiwa baridi. Alipomwuliza mwalimu akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na fizikia yake ikafanywa mzaha darasani. Hakuziba tundu. Siku moja Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alikuja shuleni kwao, Mpemba akasimama akauliza lile lile mbele ya wenziwe wanaocheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akaagiza lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao wakalichapisha pamoja. Wataalamu wangali wanabishana. Mwaka 2016 walitokea waliopima kwa uangalifu wakasema hawakuliona jambo hilo. Hata hivyo ulimwengu mzima hulijadili kwa jina la yule mwanafunzi.

Nikamtazama mwanangu. Nikasema, "Mwanangu, mimi nilikuwa yule mwalimu wa kwanza. Niwie radhi." Alitazama maji muda mrefu, akajibu, "Nimekwisha kukuwia, Baba. Nishikie bomba hili."

Nikalishika, nikalowa kanzu mpaka magotini. Kumbe ndani ya chupa kubwa iliyokuwa kifuani mwa pampu hewa ilikuwa ikivuja, na bila hewa ya kuvimba na kusinyaa maji hayapati mto wa kuyasukuma juu. Wakaziba hapo, na ziba hii ilikuwa ya haki. Wakafungua maji. Tak. Tak. Tak. Nilingoja inyamaze kama ilivyozoea. Haikunyamaza. Mimi mtu wa mizani nikajikuta nahesabu, nane, kumi na sita, beti nzima, na bado inapiga, wala haikupunguza wala kuzidisha.

Tulipopanda kilimani, nyanya alikuwa amesimama mlangoni, mbele yake mrija mwembamba kama kidole unatiririka ndani ya sufuria. Bibi yule amepanda na kushuka njia ile na ndoo kichwani tangu alipoolewa. Hakupiga kelele. Alitia mkono majini, akamwuliza mwanangu, "Na usiku hulala?" Mwanangu akapiga magoti mbele yake akamweleza yote tangu mwanzo, vali kwa vali, bila haraka, mpaka bibi aliporidhika. Nilimtazama anavyojibu, nikajua kwamba adabu ile ya kumjibu aulizaye hakuipata kwangu.

Nilirudi Mombasa peke yangu, yeye akabaki kumalizia kazi. Kanzu yake ingali msumarini, inamngoja. Na kwa kuwa deni la mshairi hulipwa kwa shairi, nimempelekea ubeti huu:

Mwana akikuuliza, simfungie mlango,
Kama jibu lina kiza, ungama pasi kinyongo,
Tundu dogo huangaza, jua likapita pengo,
Na elimu hupendeza, ikija bila maringo.