Matairi Kwanza, Rimu Baadaye

Toyota na Subaru walipotoa gari lao la spoti la pamoja mwaka 2012, lile linaloitwa 86 upande mmoja na BRZ upande wa pili, wapenzi wa magari walikodoa macho chini. Matairi yalikuwa Michelin Primacy HP ya saizi 215/45R17, aina iliyofungwa pia kwenye baadhi ya Prius, gari la kubana mafuta. Wapo walioona ni ubahili. Mhandisi mkuu wa Toyota, Tetsuya Tada, alikuwa na hesabu nyingine: gari jepesi ambalo dereva wa kawaida atahisi mapema linaanza kuteleza, kwa mwendo usiotisha, na aweze kulirudisha. Gari hilo likasifiwa hasa kwa namna linavyokata kona. Wenye Impreza na Altezza wa Nairobi na Dar es Salaam, ambao mara nyingi pesa yao ya kwanza huishia kwenye rimu, wana sababu ya kulitafakari hilo. Gari hushika barabara kwa tairi linaloendana na uzito wake, lililojazwa upepo wake na kusimama kwa pembe yake. Ukubwa wa rimu hufuata nyuma kabisa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Gari la kilo 1,400 hubebwa na matairi manne, kila moja takriban kilo 350. Kwa upepo wa psi 32, sehemu ya tairi inayogusa lami ni kama sentimita 155 za mraba, ukubwa wa kiganja pamoja na vidole vyake. Ukifunga tairi pana zaidi na kuacha upepo uleule, eneo hilo haliongezeki sana. Hubadilika umbo, likatanuka kwa upana na kufupika kwa urefu. Umbo hilo husaidia kwenye kona ya lami kavu, wala sibishi. Lakini masika yakianza, tairi pana hupanda juu ya maji kwa spidi ndogo kuliko jembamba lenye kashata sawa. Kisha kuna ubavu. Tairi la 205/55R16 lina ubavu wa milimita 113 hivi. La 225/35R19 lina 79 tu. Barabara zetu zina mashimo, na milimita hizo 34 ndizo hukinga rimu isipasuke. Rimu kubwa ikiwa pia nzito, shokapu hushindwa kulirudisha gurudumu chini upesi linaporuka, na tairi lililo hewani halishiki chochote.

Upepo ndiyo silaha ya bei rahisi kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Chevrolet Corvair ya Marekani, iliyoingia sokoni na injini yake nyuma kwa modeli ya 1960, ilitegemea psi 15 mbele na 26 nyuma ili mkia usimtangulie dereva kwenye kona. Mwenye gari aliyejaza pande zote sawasawa aliiondoa kinga hiyo bila kujua, na mwanasheria Ralph Nader aliligeuza suala hilo kuwa mashtaka katika kitabu chake cha 1965. Mazda MX-5 ya kwanza, yenye matairi ya 185/60R14, ilipangiwa psi 26. Kijana wa kituo cha mafuta aliyezoea kujaza 35 kwa kila gari atalifanya tairi hilo liguse zaidi katikati. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva, nacho ni cha tairi lililopoa, kwa kuwa upepo hupanda kama psi moja kwa kila nyuzi tano au sita za joto.

Mtu atauliza: mbona Porsche 911 hutoka kiwandani na matairi mapana? Kweli, Carrera ya kizazi cha 992 ina 235 mbele na 295 nyuma. Ila injini yake imekaa nyuma ya ekseli, na upana huo ulipangwa pamoja na springi, pembe za magurudumu na upepo wake. Anayenunua upana peke yake amenunua robo ya kazi hiyo, tena robo inayoonekana.

Gari lililotoka Japani lina mtego wake. Mengine hushuka bandarini na matairi ya theluji, yameandikwa STUDLESS ubavuni, kashata bado nene na za kuvutia. Mpira wake ni laini, umetengenezwa kwa baridi. Kwenye lami ya moto ya Mombasa hutepeta, usukani ukageuka na gari likachelewa kuitika. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT nazo zisipitwe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mwenye Subaru inayovuta kwa magurudumu yote manne ana sharti la ziada, mzingo wa matairi yote ulingane, la sivyo difu ya kati itafanya kazi bila kupumzika hadi iungue. Kwake, kununua tairi moja la mtumba kila pancha inapotokea ni ghali kuliko kununua manne mapya.

Bei ndiyo pingamizi lenye nguvu: matairi mazuri ya spoti ni ghali na mpira wake huisha haraka. Nakubali. Ndiyo maana saizi ya kiwandani inafaa, kwani tairi bora la inchi 16 kwa kawaida ni nafuu kuliko la inchi 19 la daraja lilelile, na tofauti hiyo inalipia alaimenti. Gari lililoshushwa springi bila kupimwa upya huinamisha matairi kwa ndani na kula ukingo mmoja, hata seti mpya ikawa kipara upande usioonekana ukiwa umesimama pembeni. Fundi mwenye mashine hutoa karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Asipoitoa, idai kabla hujalipa.